Mbuzi Kwenye Fa

Tukuyu mvua hainyeshi tu, inapanga chumba,
inakaa miezi, inajua watoto kwa majina.
Kasha likaja kwangu limevimba,
kitasa kutu tupu, mpini kamba ya katani.

Mimi ni fundi wa cherehani na saa.
Klarineti? Sijawahi.
"Shangazi Tusajigwe, skrubu ni skrubu,"
alisema Ambokile, akailaza mezani
kati ya cherehani mbili zilizokosa mikanda.

Ilikuwa ya baba yake, Asajile, aliyesomea madini Voronezhi
akarudi na shahada, na koti zito
ambalo Kyela lingemuua,
na hii.

Kijana amefundishwa Mbeya mjini, klarineti ya Kifaransa:
funguo kumi na saba, pete sita.
Hii nilihesabu mara mbili: ishirini na mbili, pete tano,
na vigurudumu vyembamba pale kidole cha mwisho kinapoteleza,
aliyeibuni alikijua kidole kile kwa uvivu.
Kila Ambokile akishuka kwenye fa
analia mbuzi.
"Mbovu," akasema.
Nikamjibu, hata mimi ukinisemesha Kihehe
nitakujibu hovyo, na sina ubovu.

Chini ya kitambaa cha kasha, barua.
Kirusi cha wino; kati ya mistari, penseli ya marehemu
akijitafsiria:

*Umeuliza, Asajile, sisi Warusi tunapiga ipi.
Walimu wangu walipiga ya Kijerumani,
ulimi wa tete wakiufunga kwa uzi mweusi
mzunguko juu ya mzunguko, kama kitovu cha mtoto.
Vijana sasa wanahitimu na ya Kifaransa.
Okestrani tuko wanne: watatu hivi, mmoja vile.
Mmoja ni mimi. Mke wangu anasema nibadilike.
Ya Kirusi haipo. Ipo ya mwalimu wako.
Ukimwona mtu anagombana juu ya sauti
mtazame vidole,
anatetea miaka yake ya utotoni.*

Ukurasa wa pili ulikuwa umegandana na unyevu.
Nikauweka juu ya birika, usubiri.

Habari zikatoka nje, sijui kwa mlango upi.
Muuza parachichi akaja, akaigusa:
"Huu mpingo wetu! Umeenda Ulaya, umerudi."
Mchungaji naye akaja, akaipima kwa kiganja,
nikaona mahubiri yakimjia usoni.
Usiku nikapasha sindano, nikachoma kidogo kwa ndani.
Harufu ya tairi.
Mpira. Mpira mgumu mweusi, wa kiwandani.
Nilikaa nao moyoni wiki nzima
kama mtu aliyekuta posho ya mchango imepungua.

Springi zilizokatika nilichonga kwa sindano za cherehani, namba kumi na moja.
Pedi nikakata kwenye glavu ya ngozi ya mbuzi
(naam, mbuzi; Ambokile alicheka mpaka akakaa chini).
Uzi mweusi ninao, roli nzima.

Ukurasa wa pili ukaachia siku ya Ijumaa.
Mistari mitatu:

*Nimekuchagulia ya mpira, si ya mti.
Ulisema kwenu ukungu unaingia hata kabatini.
Mti ungepasuka, nawe ungedhani kosa ni lako.*

Kijana alisoma amesimama.
Akakunja, akafungua, akakunja.
Kisha akauliza kama nina chai.

Jumapili kanisani, mbele ya matarumbeta, anapiga ya Kifaransa;
kwaya haina muda wa kusubiri vidole vya mtu.
Alhamisi anakuja kwangu na hii, anakaa kwenye kreti,
anahesabu vigurudumu, anateleza, anarudi.
Wateja wa cherehani wananikunjia nyuso.

Kwenye fa mbuzi bado yupo.
Nimemzoea.
Alhamisi asipolia mpaka saa kumi
naacha saa ya mtu wazi mezani,
nachungulia barabarani.